Pikapu ya Bwana Shamba

Ukimsifu yeye mwenyewe, Bwana Shamba alikunja uso na kutazama pembeni, kama mtu aliyeulizwa habari za ugonjwa wake mbele za watu. Ukiisifu pikapu yake, basi umempata. Aliacha alichokuwa akifanya, akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akakufungulia boneti hata kama ulikuwa umevaa nguo za kanisani na kengele ya pili imeshalia.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Bwana Shamba tangu enzi za Mwingereza, akabaki Bwana Shamba baada ya Uhuru, na hata mkewe alimwita hivyo mbele ya wageni. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Magamba, nikikaa katika nyumba ya shule iliyopakana na yake, na kwa miaka mingi asubuhi zangu zilianza kwa sauti ya injini yake. Nilimpenda. Nalisema hili kwa haya, maana mimi ni binti wa mtu ambaye hakuwa na sababu hata moja ya kumpenda.

Pikapu ilikuwa mali ya ofisi ya kilimo. Mzungu aliyekuwa mkubwa wake alipoondoka aliiacha chini ya mikaratusi nyuma ya ofisi, tairi zimelala, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Bwana Shamba akaomba aruhusiwe kuifufua, akaruhusiwa na watu waliokuwa wakimcheka.

Alianza na mambo yasiyo na gharama. "Watu wakiona gari haina nguvu wanataka injini mpya," alikuwa akisema. "Wewe anza na uchafu." Akaliosha tangi la petroli mpaka kutu ikakoma kutoka. Akazisugua platini, vile vipande vinavyokata na kuunganisha umeme wa plagi, kwa msasa laini na kupima nafasi yake kwa wembe wa kunyolea ndevu. Akachomoa plagi moja moja na kuzitazama juani. Plagi nyeusi yenye masizi, alinieleza, ni ya injini inayokula petroli bila kuimaliza, na yenye rangi ya kahawia ni ya injini iliyoshiba sawasawa. Kabureta yenyewe, alisema, ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa tambarare. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini ilikuwa ikipewa petroli nyingi kuliko hewa. Akakiziba kile kitundu kinachopitisha petroli kwa tone la risasi, akakitoboa upya kwa waya mwembamba, akajaribu, akaziba tena, akatoboa tena, mpaka moshi mweusi ukaacha kutoka.

Hapo mtu mwingine angeridhika. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuona raha. Alifungua kichwa cha injini, akakipeleka misheni ya Rangwi, ambako bruda mmoja alikuwa na mashine ya kuparua chuma, kikaparuliwa kidogo ili moto ubanwe zaidi ndani ya silinda. Bomba la moshi lililobonyea alilibadilisha kwa lingine pana aliloliokota kwenye vyuma chakavu vya shamba la mkonge huko chini Mombo. Akatengeneza mfereji wa bati wa kuleta hewa ya baridi kutoka mbele ya gari, injini isivute ile ya moto iliyopita kwenye rejeta. Springi akaziongezea majani ya lori lililokuwa limekufa. Mwisho akatoa difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ya lori lingine, lililokuwa likibeba magogo kabla halijaporomoka korongoni, akaifunga kwenye pikapu. Ile difu iliinyima gari mwendo kwenye barabara nzuri, lakini mlimani, alisema, hata ukuta ingeupanda.

"Nguvu huiongezi wewe," aliniambia akiwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. "Imo humo humo, imezibwa. Kazi yako ni kuitafutia njia."

"Na wewe Bwana Shamba, nani anakutafutia njia?" nilimtania.

"Nipe ile spana ya mbele," akasema.

Sasa la nyumbani kwetu.

Kabla ya Uhuru, serikali ya Mwingereza iliamuru kila mwenye shamba mlimani achimbe matuta, ili mvua isichukue udongo. Pengine wazo lilikuwa zuri, mimi si mtaalamu. Lakini kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, na aliyekataa alipelekwa barazani kuhukumiwa. Bwana Shamba wakati huo alikuwa kijana, mwenye kaptula iliyopigwa pasi na fimbo ya kupimia. Alipanda mpaka kwetu, juu kabisa ya mlima, na askari wawili, akakuta shamba letu halijachimbwa. Baba alikuwa amesimama kati ya majirani waliokusanywa. Bwana Shamba hakumtaja jina, ingawa alilijua, maana alikuwa ameshakula viazi kwetu. Alinyoosha ile fimbo tu, akasema, "Huyu."

Baba akafungwa kamba mikononi mbele yetu, akapelekwa. Mama akachimba matuta peke yake. Mvua za masika zilipokuja, maji yalijaa nyuma ya matuta yale, yakapasuka, yakateremka na maharage yetu yote. Baba alirudi kutoka kifungoni akakuta shamba limebaki mawe. Hakupiga kelele. Alichofanya ni kutomtaja tena mtu yule, na sisi watoto tukajifunza kutomtaja, hasa wakati wa kula.

Nilipopangiwa kufundisha Magamba na kujikuta jirani yake, nilijiandaa kumchukia. Ilinishinda. Alikuwa mtu wa kumkasirikia kwa nusu saa tu. Aliwakemea wakulima kwa kuchelewa kupanda, wakati bustani yake mwenyewe ilikuwa na magugu ya kumfika mtu kiunoni. Alijua kupanga miche ya kabichi kwa mstari ulionyooka kama rula, lakini vifungo vya shati lake havikuwahi kukutana na matundu yake. Kwaya ya kanisani aliimba sauti ya nne, na ikimpotea aliguna tu kwa ustadi mpaka wimbo uishe. Wanawake wenye matenga ya mapeasi na kabichi aliwabeba mpaka sokoni Lushoto, wagonjwa aliwabeba mpaka hospitali, na ukimshukuru alikukatisha. "Ni gari ya serikali, mama. Ishukuru serikali."

Akiwa na abiria alikuwa na kona zake za kupimia. Akiikaribia mojawapo alinyamaza, akashusha gia, akakanyaga mafuta taratibu. Pikapu ikiguna na kupanda, alikugeukia. "Umesikia?"

Ilibidi ujibu kwamba umesikia. Nami nilijibu, na kwa kweli nilisikia.

Alikwenda kila mahali na gari ile isipokuwa kwetu. Watu wa juu walipomwomba awafuatie mazao yao, alijibu bila kuwatazama, "Gari haifiki huko." Njia ilikuwepo, ile ya zamani ya watu wa misitu, mbovu lakini njia. Nilielewa kwamba mtu yule hakuwa anazungumzia gari, na sikuwahi kumwuliza.

Mimi mwenyewe nilipanda pikapu ile nikienda nyumbani mwisho wa wiki, mpaka njia panda, kisha nikamalizia kwa miguu. Mara ya kwanza nilikuwa nikitafuta namna ya kumwomba anishushe mapema, kabla ya kona ambayo mtu akiwa mlimani kwetu huweza kuiona. Kabla sijafungua mdomo akasimamisha. "Hapa patakufaa, Mwalimu," akasema, macho yakiwa barabarani. Tangu siku ile alisimama hapo hapo. Tulikuwa tunamficha baba pamoja, na kila mmoja alijua, na aibu ile tuliibeba wote wawili kimya kimya kama watu walioiba kitu kimoja.

Halafu mama akavunjika mguu. Vijana wakambeba kwa machela mpaka barabarani, na sijui ni nani aliyempelekea habari Bwana Shamba, kwani tulimkuta pale njia panda, injini inanguruma, nyuma ametandika nyasi kavu na blanketi la kitandani kwake. Baba akamlaza mama juu ya blanketi lile. Nikapanda nikakaa kichwani pa mama.

"Mzee, panda," Bwana Shamba akasema.

Baba akajifunga shuka kiunoni, akaanza kutembea.

Basi Bwana Shamba akatia gia ya kwanza. Aliendesha gari ile polepole njia nzima kuteremka Lushoto, ili baba asiachwe nyuma. Injini ilichemka, mvuke ukatoka, akasimama akaongeza maji, akaendelea vile vile. Baba alitembea pembeni, upande wa mama, mkono wake ukishika ukingo wa bodi pale penye mteremko. Tulipofika hospitali baba alimshusha mama, akalikunja lile blanketi, akaliweka juu ya boneti. Bwana Shamba alibaki amelitazama kupitia kioo cha mbele mpaka nesi akamwomba aondoe gari mlangoni.

Nilidhani hapo ndipo wawili wale walipofikia mwisho wa uwezo wao wa kukaribiana. Sikujua bado.

Miaka ya vijiji vya ujamaa ilipokuja, kwetu milimani watu wengi tayari walikuwa wanakaa karibu karibu, kwa hiyo hatukuhamishwa kama walivyohamishwa watu wa nyikani. Lakini zile nyumba chache za juu, ya baba ikiwa mojawapo, ziliamriwa kushuka karibu na barabara, penye shule na shamba la pamoja. Wengine walishuka. Baba alisema hana ugomvi na ujamaa, na siku za kazi ya kijiji atashuka kulima na wenzake kama kawaida, lakini kulala atalala kwake. Alisema hivyo mkutanoni kwa adabu, akakaa chini. Viongozi waliokaa mbele hawakupenda adabu ile.

Asubuhi moja ya mvua nilikuwa darasani nikaona watu wamejaa mbele ya ofisi ya kijiji. Alikuwapo mkubwa wa operesheni ya kuhamisha watu, kijana mnene aliyevaa suti ya Chou En-lai, na mgambo na marungu yao. Landrova yao ilikuwa imenasa kwenye tope huko nyuma. Niliwaacha watoto na somo la kuandika, nikasogea mpaka kwenye ua.

"Bwana Shamba," mkubwa alikuwa akisema, "kwa yule mzee wa juu gari inafika?"

Bwana Shamba alikuwa ameegemea pikapu. Akasema kama alivyosema siku zote, "Haifiki huko."

Nikapumua. Njia ilikuwa tope tupu, na mvua ilikuwa bado inarudirudi. Wakienda kwa miguu wangechoka, labda wangeahirisha, labda baba angepata siku ya kuteremsha vitu vyake kwa heshima. Mkubwa naye alielekea kukubali. Akaizunguka pikapu, akaigonga bodi kwa kiatu, akacheka na mgambo wake.

"Kweli, mkweche huu utapanda nini? Hata kuku wangekataa kuupanda. Twendeni kwa miguu, jamani."

Mgambo wakacheka. Nilikuwa namtazama Bwana Shamba usoni. Kitu kilimpanda pale kwenye taya.

"Nani kasema haipandi?" akauliza.

"Si wewe umesema haifiki?"

"Ngojeni."

Akafungua boneti. Aligeuza kidogo kile kichwa kinachogawa moto kwa plagi, akasikiliza, akakirudisha unywele mmoja. Akapunguza upepo kwenye tairi za nyuma ili zishike tope. Akawaamuru mgambo wakae wote nyuma kabisa, uzito ulale juu ya difu, na mkubwa akapanda mbele. Nilitaka kuita. Nilikuwa mwalimu wa serikali, na mkubwa alikuwa pale pale. Pikapu ikaondoka.

Nilivua viatu nikaifuata mbio. Sitaisahau sauti ile. Sijawahi kuisikia injini ikiimba vizuri namna ile, haikukohoa hata kidogo, gia ikibadilishwa laini kila mahali palipostahili, na mwangwi wake ukizunguka bonde zima. Pale penye mwinuko mkali, ambapo hata ng'ombe huteleza, nilisema moyoni, hapa itazima, Mungu wangu hapa itazima. Ikaguna, ikapanda.

Nilipofika juu, bati za kwanza zilikuwa zimeshang'olewa. Sufuria na magodoro vilikuwa uani kwenye manyunyu. Mama alikuwa anachechemea akikusanya nguo. Baba alisimama wima, mikono nyuma, mkao ule ule aliofungwa nao zamani, ingawa safari hii hakuna aliyemfunga. Hakuwatazama mgambo. Alikuwa anatazama ndani ya pikapu, ambamo Bwana Shamba alikaa mikono yote miwili juu ya usukani, injini haijazimwa.

Mkubwa akarudi kutoka uani, akampiga bega dirishani. "Mzee! Gari yako ni simba!"

Na Bwana Shamba akatabasamu.

Ilikuwa nukta moja tu. Nadhani hakujua kama ametabasamu mpaka macho yake yalipokutana na ya baba, kisha yakahama yakakutana na yangu. Tabasamu likabaki usoni limesahauliwa, halina mwenyewe. Nikainama nikaanza kuokota vijiko.

Baadaye alishuka, akasema kwa sauti isiyosikika vizuri kwamba angeweza kuteremsha vyombo. Baba akapita mbele yake na godoro kichwani. Tulibeba vyote kwa kichwa, kwa njia ya miguu, mpaka jioni.

Baada ya hapo Bwana Shamba hakuigusa tena pikapu kwa namna ile ya kuipenda. Aliiendesha kwa sababu ya kazi. Platini zilipoungua aliziacha, ikakohoa, ikaanza tena moshi mweusi. Asubuhi tulisalimiana kwenye ua, "Shikamoo Bwana Shamba", "Marahaba Mwalimu", basi. Haukupita muda mrefu akahamishiwa Kwamkoro, huko kwenye chai, na pikapu ikavutwa kwa kamba kurudishwa bomani.

Nyumbani mimi nilimtetea, kidogo kidogo, wakati baba alipokuwa mbali. Nilimwambia mama kwamba mtu yule aliamrishwa, angefanyaje? Nilimweleza kama ninavyoeleza watoto hesabu. Nilihitaji iwe hivyo, maana kama aliamrishwa, basi na mimi ningeweza kuendelea kumkumbuka kama jirani.

Nilimwona mara ya mwisho Lushoto mjini, wakati sabuni na sukari zilipokuwa adimu. Nilikuwa kwenye foleni ya duka la ushirika, mtu nyuma yangu akakohoa, nikageuka. Alikuwa amekonda, amestaafu, ameshika kikapu cha mkewe. Mikono yake ilikuwa safi kabisa, na hilo ndilo lililonifanya nichelewe kumtambua.

"Shikamoo."

"Marahaba, Mwalimu. Mzee hajambo?"

"Hajambo. Magoti tu."

Foleni ikasogea. Tukasogea nayo. Aliniuliza habari za shule, nikamjibu. Nikaona anamezameza mate, nikataka kumsaidia, nikasema lile nililokuwa nimeshalizoea.

"Bwana Shamba, yale ya zamani, sisi tunajua uliamrishwa."

Akatikisa kichwa. Alisema taratibu, ili mtu wa mbele yangu asisikie. "Niliulizwa tu kama inafika, Mwalimu. Sikuamrishwa nifike." Akakihamisha kikapu mkono wa pili. "Waya mmoja tu ningeulegeza. Au ningeiacha iteleze pale kwenye mwinuko, ningesema mnaona, niliwaambia. Hakuna ambaye angenilaumu. Nilifikiria hivyo, usidhani sikufikiria. Lakini yule kijana alicheka. Basi nikataka aone."

Ningesema yamepita, na lingekuwa uongo. Ningesema nimekusamehe, na nyumba haikuwa yangu. Mwenye duka akaniita, nikachukua mche wangu wa sabuni, nikamuaga kwa heshima zote kama mtu anavyomuaga mkubwa wake, nikaondoka na uso unaowaka.

Jioni nilikwenda kwa wazazi wangu, katika nyumba yao mpya iliyo kando ya barabara. Mama alikuwa anamenya viazi. Baba alikuwa amekaa karibu na moto akijikanda magoti.

"Umemwona nani huko mjini?" akauliza, kama alivyouliza kila mara.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimtaja mbele yake. "Nimemwona Bwana Shamba, Tate." Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamsimulia yote, ya waya, ya mwinuko na ya kicheko cha yule kijana.

Baba aliendelea kujikanda.

"Mimi niliisikia tangu iko bondeni," akasema hatimaye. "Nikatoka nje. Miaka yote alisema gari haifiki kwetu. Nikaisikia inapita pale penye utelezi, nikajua ni yeye, hakuna mwingine anayeendesha vile. Nikadhani yuko peke yake." Akahamia goti la pili. "Nikadhani amekuja kusema lile la zamani. Nikamwambia mama yako atoe kiti."

Mama hakuinua uso kutoka kwenye viazi vyake.

"Nilikuwa nimekishika pale mlangoni," akasema, "mgambo waliporuka chini."